Posho ya Utulivu

Aliyekaa na akae vizuri, na aliyesimama atafute pa kuegemea, maana habari hii haina haraka. Ni habari ya Zawena binti Shomari, msusi, aliyetoka kwa mumewe asubuhi moja akiwa na chanuo, doti moja ya khanga, na jino la mbele limekatika.

Alikwenda kwanza kwa kaka zake. Wakampa chai, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamwambia arudi, kwa kuwa mume ni mume tu na akimwacha huyu atampata mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaenda kwa shangazi yake, naye akamwambia avumilie mpaka watoto wakue, ingawa Zawena hakuwa na watoto. Alikuwa bado amekaa barazani kwa shangazi, hajui pa kuelekea, aliposikia wasafiri wakizungumza habari za nchi ya Shwari. Huko, walisema, serikali inawapa wanawake fedha mkononi kila mwezi, na tangu zianze kutolewa hakuna mwanamke anayelia.

"Hakuna hata mmoja?" Zawena aliuliza.

"Hata mmoja. Tumelala huko juma zima, hatukusikia kitu."

Njia ya kwenda huko haina mengi ya kusimuliwa. Ilikuwa ndefu, akafika.

Kilichompokea kwanza ni ukimya. Haukuwa ukimya wa mahali pasipo watu, kwa sababu watu walikuwa tele: sokoni wamejaa, visimani wamejaa, watoto wanacheza uwanjani. Lakini wauzaji walinong'ona bei, ndoo ziliwekwa chini kwa uangalifu kama mayai, na watoto wakifungana goli walirusha mikono juu na kufungua vinywa bila kutoa sauti. Kila mlango ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe kwenye kitasa. Zawena akaona nchi ya kupumzika, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao.

Kwenye lango la mji alisimamishwa na ofisa mmoja mnene, mpole, jina lake Bwana Mfaume. Alivaa viatu vyenye soli za sufi, na shingoni alining'iniza kitu cha bati mfano wa faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Cheo chake kilikuwa Msikilizaji.

"Karibu, bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni wa mlango gani?"

"Sina mlango. Nimetoka kwa mume wangu."

"Sikuulizi ulikotoka. Nauliza mlango."

Zawena akarudia kwamba hana. Bwana Mfaume akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesahau jina lake, kisha akamweleza. Shwari watu hawahesabiwi kwa vichwa, wanahesabiwa kwa milango. Posho ya Utulivu inatolewa kwa jina la mwanamke, na ni mwanamke anayeipokea kwa mkono wake mwenyewe; jambo hilo nchi inajivunia sana. Ila inayolipwa hasa ni nyumba. Mwanamke akitoka kwenye mlango wake, posho inabaki pale pale mlangoni ikimngoja.

"Na asiye na mlango mnamnyima?"

"Hatumnyimi hata kidogo," alisema Bwana Mfaume. "Hatumwoni tu."

Hata hivyo sheria iliruhusu mgeni akae kwenye mlango wa mtu kama mgeni, bila kuhesabiwa. Bwana Mfaume mwenyewe alimpeleka kwenye nyumba yenye kitambaa cheupe kuliko vyote vya mtaa ule. Mwenye nyumba aliitwa Bi Sikudhani, mwanamke mrefu, mkubwa kidogo kuliko Zawena, mwenye binti mdogo aitwaye Tausi. Mume wake, Bwana Ngwali, alikuwa mtu wa adabu. Alimpokea Zawena mzigo, akamwambia, "Jisikie nyumbani, shemeji," na jioni alikula taratibu, akaisifu mboga, akamshukuru mkewe. Zawena alimwangalia akajilaumu kimoyomoyo kwa kuwa alijikuta akisogea karibu na mlango kila mwanamume yule alipoinuka kwenye kiti.

Siku ya pili Bi Sikudhani alimpa mgeni zawadi ya ukaribisho, kama ilivyo desturi ya huko. Kilikuwa kitambaa kinene cha pamba, kidogo kama kiganja, kimetariziwa maua pembeni kwa uzi mwekundu. Zawena akakigeuza huku na huku.

"Kizuri sana, dada. Ni cha kufutia jasho?"

"Ni kitambaa cha meno," alisema Bi Sikudhani. "Mama hukitarizi mwenyewe ampe binti yake anapoolewa. Changu hicho kilikuwa cha akiba."

"Cha kusafishia meno?"

Bi Sikudhani alirudi kuchambua mchele.

Jambo hilo Zawena alilielewa siku alipomsuka. Walikaa uani, Bi Sikudhani chini kwenye mkeka, Zawena juu ya kigoda, kichwa cha mwenyeji kati ya magoti yake. Alipoanza kugawa nywele vidole vyake vilikuta uvimbe nyuma ya sikio. Akasogea, akakuta kovu refu. Akasogea tena, akakuta mahali ambapo nywele zilikuwa zimeng'olewa na hazikuota.

"Kichwa changu kina mabonde," alisema Bi Sikudhani kwa ule mnong'ono wao. "Usishangae. Suka tu."

Zawena alisuka. Baada ya muda akaona kitambaa cha meno kikichungulia kwenye pindo la khanga ya mwenzake, kile cha zamani, maua yake yamefubaa, na katikati kina alama za kutafunwa.

"Walisema huku hakuna anayelia," alisema.

"Na hakuna."

Kisha, labda kwa sababu hawakuwa wakitazamana usoni, Bi Sikudhani alimsimulia. Posho ilipoanza, alisema, ilikuwa neema ya kweli, na asidanganywe na mtu yeyote. Mwezi ule wa kwanza alipika nyama. Alimnunulia Tausi viatu bila kumwomba mtu. Yale magomvi ya njaa, ya mume anarudi mikono mitupu na mke anauliza watoto wale nini, yalikwisha kama moshi. Nyumba nyingi zilitulia kweli, na wanaume wengi walitulia kweli, hata Ngwali mwenyewe. Alikuwa akikaa naye uani wakicheka.

"Nikawa nalala," alisema. "Unajua kulala, dada? Kulala usingizi wenyewe."

Lakini wako wanaume ambao mkono wao haukuwa wa njaa. Hao walikasirika kuona mke ana chake. Siku ya posho ikawa siku ya kupokonywa, na asiyetoa akapigwa, na vilio vikasikika mpaka barazani. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Walikuwa wamekwisha kuwatangazia majirani wa nchi zote kwamba posho inaleta amani, sasa watasema nini? Ndipo wakaitunga Sheria ya Utulivu: nyumba itakayosikika kilio imevunja amani, na posho ya nyumba iliyovunja amani inafungwa kwa msimu mzima. Wakaajiri Wasikilizaji wapite wakitega masikio milangoni. Nyumba isiyo na kilio ikapewa kitambaa cheupe.

"Na vilio vikaisha," alisema Zawena.

"Vikaisha."

Baada ya hapo Zawena aliuona mji kwa macho mengine. Alikuwa akienda mlango kwa mlango kusuka, na kila nyumba walimkaribisha vizuri, wakamlisha, wakamweleza habari za mboga na hali ya hewa. Wakikutana njiani waliulizana, "Kwema?" na kujibiwa, "Kwema," na jibu lingine halikuwapo katika lugha yao. Hakuna aliyemuuliza jino lake lilikwenda wapi. Alikuwa na wanawake wenzake kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, vichwa vyao mikononi mwake, na hakuwahi kuwa peke yake kiasi kile. Nyumbani kwa mumewe alikuwa na maumivu yake. Hapa alikuwa na maumivu ya mji mzima, na hata hayo hakuruhusiwa kuyajua.

Siku moja Baraza la Milango lilikaa, na kwa kuwa kikao kilikuwa wazi kwa wageni, Zawena alikwenda kusikiliza. Ajenda ilikuwa hiyo hiyo posho. Mjumbe mmoja mzee alisema fedha zirudishwe mikononi mwa wanaume, kwa kuwa mwanamume mwenye fedha zake hana sababu ya kukasirika. Akaulizwa kama zamani, fedha zilipokuwa za wanaume, hakukuwa na vipigo. Akasema vilikuwapo, lakini vilikuwa na heshima. Mwingine akasema hakuna haja ya kubadilisha chochote, akamwita Bwana Mfaume atoe taarifa, na Bwana Mfaume akasimama, akatangaza kwa unyenyekevu kwamba katika mji wote hakijasikika kilio hata kimoja tangu mvua za mwaka juzi. Wajumbe wakapiga makofi kwa desturi ya huko, yaani kwa kugusanisha ncha za vidole.

Akainuka mjumbe mwanamke, Mheshimiwa Raifa, mtu mfupi mwenye miwani.

"Naomba nimuulize Msikilizaji. Pigo lisilosikika ni pigo, au si pigo?"

Bwana Mfaume alifikiri kwa dhati. "Mheshimiwa, kazi yangu ni masikio. Lisilosikika liko nje ya idara yangu."

"Basi naomba jambo dogo tu. Posho imfuate mtu, isifuate mlango. Mwanamke akiona nyumba haikaliki, atoke nayo. Ninyi wenyewe mnasema ni ya kwake."

Hapo mjadala ukawa mkali, kwa kadiri ya ukali wa Shwari. Mmoja alisema mwanamke akiweza kutoka, nani atabaki ndani? Mwingine akasema nia ni njema ila haitekelezeki, kwa kuwa mwanamke aliye nje ya mlango haonekani, na fedha haiwezi kumfuata asiyeonekana. Wa tatu akashauri ufanywe utafiti, yaani milango isikilizwe kwa mwaka mmoja zaidi. Ikapita hiyo ya utafiti. Mheshimiwa Raifa akakaa, akafuta miwani yake. Zawena akaona kwamba naye ana pindo la khanga lililofungwa kitu kidogo, kinene.

Siku ya posho ilifika. Bi Sikudhani alikwenda kupokea asubuhi, akarudi, akaingia chumbani. Zawena alikuwa uani akianika nguo pamoja na Tausi. Alimsikia Bwana Ngwali akiingia na kumsalimu mkewe kwa adabu. Alisikia, "Nipe nikuwekee." Alisikia Bi Sikudhani akisema safari hii hapana, mtoto anaumwa masikio, anataka kumpeleka kwa mganga. Kisha hakusikia kitu tena, isipokuwa kiti kuanguka.

Tausi aliacha alichokuwa akikifanya. Aliinua mikono akaziba masikio, ingawa hapakuwa na sauti ya kuyaziba.

Zawena akaenda mlangoni. Bwana Ngwali alikuwa amempinda mkewe mkono nyuma, amemkandamiza uso ukutani, anavuta taratibu, bila hasira, kama dobi anayekamua nguo. Bi Sikudhani alikuwa na kitambaa mdomoni. Machozi yalimtoka na shingo imemvimba, na hakutoa hata mkoromo. Aligeuza macho akamwona Zawena, na macho yale yalisema neno moja tu: usithubutu.

Zawena alijua kila kitu. Alijua sheria, alijua posho, alijua kwamba mtoto aliye nyuma yake anakula kwa posho hiyo. Lakini mwili wake haukuuliza. Yale mayowe aliyoyameza kwa mumewe miaka yote ile, yakapanda yote kwa pamoja, na akapiga yowe ambalo nchi ya Shwari haikuwahi kulisikia tangu mvua za mwaka juzi.

Bwana Ngwali aliachia mkono. Alirudi nyuma, akatazama mikono yake, akatazama mlango. Kule nje mtaa mzima ulisimama. Kisha ikasikika milango ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, polepole, kila mtu akiogopa kuwa karibu na kelele. Hakuna aliyekuja.

Alikuja Bwana Mfaume peke yake, amevua kofia. Alisimama kizingitini akiwa amejaa huzuni, akafungua kile kitambaa cheupe kwenye kitasa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. "Baraza litakaa kesho asubuhi," alisema. "Poleni sana."

Mume alipotoka, Bi Sikudhani alitoa kitambaa mdomoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umelegea kama si wake.

"Ulikuwa unanisaidia mimi," alimuuliza Zawena, "au ulikuwa unajisaidia wewe?"

Zawena aliinama akainua kiti kilichoanguka.

"Wakifunga posho Tausi atakula nini? Mganga nitamlipa nini? Na Ngwali ataniachia nini nikiwa sina cha kumpa?" Akaketi kitandani. "Kesho watakuuliza umelilia nini. Sema lolote, mdogo wangu. Lolote, ila lisiwe hilo."

Asubuhi Baraza lilijaa pomoni. Bwana Ngwali alikuwapo, amevaa kanzu safi. Bi Sikudhani alisimama ukutani amemshika Tausi kwa mkono mzima, ule mwingine umefichwa ndani ya khanga. Mheshimiwa Raifa alikaa mstari wa mbele.

Mwenyekiti alimtaka mgeni aeleze kilichotokea. Zawena akasimama. Alikuwa ametoka nchi ya mbali kuja mahali ambapo hakuna anayelia, na sasa alitakiwa kuithibitisha habari hiyo kwa mdomo wake. Akamtazama Tausi.

"Niliona nyoka," alisema.

Baraza zima likashusha pumzi.

"Nyoka!" alisema mwenyekiti. "Wa namna gani?"

"Mkubwa. Alikuwa ndani ya chumba, anamsogelea dada yangu huyu. Nikaogopa, nikalia."

Bwana Mfaume akaomba nafasi, uso umemng'aa kwa nafuu. Alikumbusha kwamba sheria inazungumzia vilio vya nyumba, na kilio kinachosababishwa na mnyama si cha nyumba, ni cha mnyama. Kwa hiyo amani haikuvunjwa. Akatoa kile kitambaa cheupe mfukoni, akamrudishia Bwana Ngwali.

"Hapana nyoka kwangu," alisema Bwana Ngwali. Ilimtoka kabla hajafikiri. Alikuwa mtu anayeijali sana nyumba yake. "Nyumba yangu safi. Haijapata kuingia nyoka."

Mwenyekiti akamgeukia. "Unataka kusema mgeni alilia kwa sababu nyingine?"

Bwana Ngwali alikitazama kile kitambaa cheupe mkononi mwake.

"Nyoka alikuwapo," alisema mwishowe.

Hapo akainuka Mheshimiwa Raifa, na wale waliomzoea walishangaa kumwona akitabasamu. Alisema hatari ya nyoka ni hatari ya wote. Je, mwanamke akiona nyoka, anyamaze aumwe? Wajumbe wakasema haiwezekani, nyoka apigiwe yowe. Je, majirani wakisikia yowe la nyoka wafunge milango? Wakasema la, waje na fimbo. Je, mwanamke na watoto walale chumba kimoja na nyoka ambaye hajapatikana? Wakasema huo ni ukatili. Basi, alisema, naomba iandikwe kuwa mwanamke aliyeona nyoka anaweza kuhamia mlango mwingine na posho yake imfuate, mpaka nyoka apatikane.

Wajumbe wale wale ambao hawakuweza kufikiria fedha ikimfuata mwanamke waliipitisha kabla chai haijapoa. Kuna aliyeuliza tu kama muda wa kumtafuta nyoka uwe na kikomo. Mheshimiwa Raifa akajibu kwamba nyoka wa Shwari, kwa jinsi anavyomjua, hujificha sana.

Ilibaki shauri la mgeni. Alikuwa amepiga yowe, na ingawa sababu ilikubalika, yowe lenyewe lilikuwa kubwa kupita kiasi. Asiye na mlango hana posho ya kufungiwa, kwa hiyo hakukuwa na adhabu ya kumpa isipokuwa njia. Akapewa siku ile na usiku wake, kisha aondoke.

Mchana Bi Sikudhani alihamia nyumba ya mjane mmoja upande wa pili wa soko, mjane aliyekuwa na nafasi na hakuuliza maswali. Vitu vyake vilikuwa vichache. Bwana Ngwali alisimama mlangoni akiwatazama majirani waliokuja na fimbo kutafuta nyoka, wakiinua magodoro yake, wakifungua makabati yake, kwa heshima zote. Wengine waliinama chini ya kitanda wakainuka wakimtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Zawena alimbeba Tausi mpaka kule. Walipofika, Bi Sikudhani alimwomba amsuke mara ya mwisho, maana kwa mkono mmoja hawezi. Wakakaa kama kawaida yao.

"Kwenu," aliuliza Bi Sikudhani, "nyoka alikuwapo?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa kuhusu maisha yake tangu afike.

"Alikuwapo."

"Na watu wanaruhusiwa kulia?"

"Wanaruhusiwa. Nililia mwanzoni. Watu wakasikia wote. Wakasema ni mambo ya ndani, wakaendelea na kula."

"Basi kwenu na kwetu ni mamoja," alisema Bi Sikudhani. "Kwenu sauti ipo, masikio hakuna." Kisha akasema, bila kugeuka, "Sikukushukuru."

"Usinishukuru. Hata sijui nilimlilia nani."

"Labda tulikuwamo wote wawili."

Kesho yake Bwana Mfaume alimsindikiza mpaka lango la mji. Walipita mtaa wa wafua vyuma, na kutoka kwenye nyumba moja yenye kitambaa cheupe sauti ya mwanamke ikapaa, nyembamba, isiyo na mazoezi: "Nyoka!" Milango ikafunguka. Watu wakatoka na michi, fagio, miguu ya viti. Kabla hawajafika, mtaa wa nyuma nako sauti nyingine ikaita, na mbali zaidi, nyingine.

Bwana Mfaume alisimama, faneli mkononi. Alikuwa mtu mpole, na nusu ya maisha yake alikuwa ameyatumia akisikiliza milango.

"Ajabu," alisema taratibu. "Nchi hii haikuwa na nyoka."

Alimtazama Zawena kana kwamba anataka kuuliza jambo. Kisha akavaa kofia yake, akamfungulia lango.

Zawena hakurudi kwa kaka zake. Aliendelea mbele mpaka mji wa biashara ambapo hakuna aliyemjua, akapanga chumba nyuma ya kinu cha kusagia unga, akasuka watu. Ilikuwa kazi ya kutosha na maisha ya upweke. Alikula peke yake, akaugua homa peke yake na kupona, na siku nyingine alijishtukia akinong'ona bei kwa wateja wake.

Misimu kadhaa baadaye akaja mteja mmoja, mwanamke mfanyabiashara wa viungo, ambaye kwa mazungumzo yake alitambulikana kuwa wa Shwari. Alizungumza kwa sauti kamili. Alisimulia kwamba taarifa ya serikali imetangaza kuwa amani ni ile ile, ila nchi imevamiwa na nyoka wengi ajabu, na Bwana Mfaume amepandishwa cheo kuwa Mkuu wa Idara ya Nyoka. Kuna wanaume walioacha tabia zao kwa kuona aibu ya fimbo za majirani, na wapo ambao hawajaacha, na wake zao wamehama. Wapo pia wanawake ambao bado hawajaita, wanangoja, Mungu anajua wanangoja nini.

"Na Bi Sikudhani?" aliuliza Zawena. "Aliyekuwa wa kwanza?"

"Yuko kwa yule mjane. Mkono ulipona, ila haunyooki sawasawa. Anafuga kuku, posho anaipokea huko huko. Mume wake anakwenda Barazani kila mara kusema nyoka hayupo tena, na kila mara wanamjibu watatafuta zaidi." Mwanamke akacheka. "Binti yake ana kelele, huyo! Sokoni utamsikia kabla hujamwona."

Zawena alisuka mistari miwili, mitatu.

"Aliwahi kuniulizia?"

"Anakuulizia. Kila anayesafiri anamwuliza. Lakini nani anajua ulikokwenda? Sisi tulikuwa tunajua milango tu, na wewe hukuwa nao."

Zawena akamaliza kichwa, akafunga ncha za nywele kwa uzi, akampa mteja kioo ajitazame.

"Ukirudi mwambie niko hapa," alisema. "Nyuma ya kinu, mlango wa buluu. Mwambie akija na mtoto wasihangaike na pa kulala. Vitanda vipo."

Mwanamke aliahidi, akaaga, akaenda zake. Zawena alifagia nywele, akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwa seremala kuagiza kitanda, maana alikuwa na kimoja tu.